Maua ya Mti wa Chiwata

Newala, 9 Agosti 1955

Dada Ethel, shikamoo.

Mihogo imekubali, na Julia wangu ameota meno.

Unaukumbuka ule mti wa Chiwata wenye majani ya kukwaruza, ambao marehemu baba alimwonyesha Silvano, karani wa bwana miti? Silvano alipeleka majani Ulaya akidai kauvumbua yeye, na wataalamu wakaupa mti jina lake. Baba alipokwenda kulalamika, Silvano alimtimua ofisini mbele ya watu.

Mwaka huu wataalamu walitaka na maua, wapate kuthibitisha ukoo wa mti. Silvano akanituma mimi, tarishi wake. Nikamletea maua ya mti mwingine.

Juzi jibu limefika: majani na maua si ya mti mmoja. Jina limefutwa, na Silvano ameachishwa kazi kwa udanganyifu. Akanijia nyumbani.

"Anselmo, maua yenyewe yako wapi?"

"Kamuulize marehemu baba," nikamjibu, nikafunga mlango.

Tafadhali, padri wa huko Lulindi usimwambie. Atanitaka nisamehe, nami bado naona raha.

Mdogo wako,
Anselmo