Mwanamke wa Soda Kwenye Banda la Kuku

Jumamosi, Kalenga. Baridi ya Julai imeniuma vidole tangu asubuhi, na wala sijali.

Leo nimemaliza ukuta.

Nikiri kwanza. Miaka mitatu sasa nawaambia watu kwamba niliacha kuchora mabango kwa hiari yangu. Uongo. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipofika Iringa mjini, wateja walinikimbia mmoja mmoja.

Mwezi Mei shangazi yangu, Sabina, aliniita nimsaidie kubomoa banda la kuku. Mlango wake ulikuwa bati nene. Nilipofuta kinyesi, kikatokea kidole, halafu glasi, halafu mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana, anakunywa soda ya tangawizi. Tangazo la zamani, la enzi za utoto wa babu, ambaye ndiye aliyeligeuza kuwa mlango.

"Kumbe miaka yote kuku walikuwa na mgeni!" shangazi akacheka.

Nusu ya uso ililiwa na kutu. Sikuthubutu kuuchora upya; ile ni kazi ya mkono wa mtu mwingine. Lakini niliitazama kazi hiyo wiki nzima. Miguso mitatu tu ya rangi nyeupe, na glasi inaonekana ya baridi kabisa! Nikatamani kuchora mpaka nikaona aibu.

Nikamwomba shangazi ukuta wa duka lake.

"Nimeupaka chokaa juzi tu," akasema. "Ukiuharibu, utaupaka upya mwenyewe."

Nilichora nyuma ya turubai siku tisa. Mkao ni uleule, glasi ileile. Ila mwanamke ni Sabina, na kilemba chake cha kitenge.

Leo nimeshusha turubai wakati akina mama wanatoka kwenye sala ya jumuiya. Wakasimama njiani, wakitazama juu.

Kisha mmoja akapaza sauti, "Jamani, Sabina!" na vigelegele vikafuata.

Shangazi akagusa shavu lake. "Ndiyo nimezeeka hivi?"

"Ndiyo umependeza hivi, shangazi."

Akaingia dukani, akatoka na soda, akasimama chini ya picha kwa mkao uleule, kidevu juu, ili kila mtu alinganishe.

Nimelia. Naandika hapa bila aibu.

Kabla ya saa sita mwenye mashine ya kusaga alinivuta pembeni. Anataka ukuta wake uchorwe, ila ana wasiwasi: mashine ya unga inaweza kupendeza kama shangazi?

Nimemwambia inaweza. Jumatatu naanza.