Neno Moja la Siri kwa Watu Wote

Wete, Pemba

Kwa Dada yangu Rahila, Tanga.

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na shemegi Talib, na mwanetu Yumna. Natumai ile homa imeshakutoka. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Na mimi, dada, Mungu kaniumba na bahati ya peke yangu: wenye kazi ya seva wote, bara na visiwani, wameingiliwa na wezi, kasoro nduguyo. Mtu aliyefika Dubai mara mbili haibiwi kitoto.

Nikueleze, maana kazi yangu hujaielewa hata siku moja, na Mama huwaambia watu nauza hewa. Mimi nakodi nafasi kwenye seva, ile kompyuta kubwa isiyozimwa, halafu nawapangishia wengine waweke tovuti zao: madrasa ya Shumba, nyumba ya wageni ya Bi Kijakazi kule Msuka, fundi makanzu wa hapa Wete. Kuwadai na kuwafungulia akaunti sifanyi kwa mkono. Ipo programu ya ankara, ya kampuni moja ya nje, na karibu sote wa kazi hii twaitumia hiyo hiyo. Wezi hawakuja mlangoni kwetu. Waliingia kwa hao wenye programu, wakatoka na habari za wateja wetu wote.

Kundi letu la wasapu likawa kama matanga. Abdulsamad wa Unguja, anayejifanya imamu wetu, akasema kila mtu aifunge programu na awaambie wateja siku ile ile, aibu isimzuie. Jabir wa Dar akamjibu kuwa mwenye kuwaambia wateja anajichimbia kaburi. Yeye atasema seva inafanyiwa usafi. Ridha alizima mitambo yote akaenda zake kwa mkwewe. Mimi niliandika kuwa kwangu shwari, na anayetaka ushauri aje na halua. Wakacheka. Mimi sikucheka, dada. Niliifungua ile programu nikatazama niliyoyaandika humo.

Unajua huku kwetu mtu hafungui imeli mwenyewe. Anakuja dukani, anavuta kiti, anasema, Pandu nifungulie. Namfungulia. Neno la siri akipewa leo, kesho kalisahau, anarudi kunitafuta nina tonge mkononi. Basi wote niliwapa neno moja, langu mimi, wakisahau waniulize. Na nisije nikalisahau mwenyewe, nikaliandika ndani ya programu ile ile, kwenye nafasi ya maelezo, chini ya jina la kila mteja. Nilijiona nina akili za kuwaazima wengine.

Siku ya pili akaingia Bi Kijakazi, buibui limejaa vumbi la njia, simu mkononi. Wageni wake walikuwa wameandikiwa kwa jina lake kuwa nyumba imefungwa, watafute kwengine. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Aliniuliza kama ni kweli neno lake la siri ndilo la madrasa, na ndilo la fundi makanzu. Nikakubali. Akasema, basi mwanangu, kila siku wajisifu wewe ndiye mwenye funguo za Pemba, kumbe sote twalala kwa kitasa kimoja, na ufunguo wake umeutundika nje.

Nikakodi pikipiki nikenda Msuka, kisha Shumba, mlango kwa mlango, maana kuwaandikia imeli kusingefaa kitu. Shehe Silima wa ile madrasa akanipa nafasi msikitini baada ya sala ya Ijumaa, nikasimama mbele ya watu wazima nikasema kosa ni langu. Wapo walionitukana, na mmoja akaniuliza kama huko Dubai ndivyo walivyonifundisha. Halafu wakaja na simu zao, tukabadilisha moja baada ya moja hadi magharibi.

Wote nimewaambia, dada, isipokuwa wewe.

Imeli yako nilikufungulia mimi, ile idi uliyokuja. Na nilipoanza biashara nilikuandika humo kama mdhamini wangu, neno lako chini ya jina lako, kama wengine. Juzi uliponipigia kuwa haifunguki, nikakwambia ni mtandao wa Tanga. Haukuwa mtandao. Mwizi alikuwa ndani, kabadilisha neno, nami nahangaika kumtoa. Leo asubuhi nimemtoa. Neno jipya limo kwenye kikaratasi ndani ya bahasha hii. Namkabidhi Mgeni, mke wa jirani yetu, anayevuka sasa hivi kuja huko, kwani simu siziamini tena, na kila nikitaka kukupigia ulimi unanikatika. Ukishaingia weka neno lako mwenyewe, na usinambie.

Linalonikosesha raha ni hili. Barua ya chuo kuhusu nafasi ya Yumna imeshafika kwenye imeli yako. Nimeikuta imefunguliwa, na si kwa mkono wetu. Kama huyo mtu ameijibu sijui, maana alikuwa akituma kitu anakifuta. Wapigie chuoni leo uwaulize wamepokea nini kwa jina lenu. Namba itazame kwenye karatasi yao ya zamani, si kwenye imeli. Na kama nafasi imepotea, usimwambie mtoto ni majaaliwa. Mwambie ni mjomba Pandu.

Mama anakusalimu sana, hajui lolote. Mpe salamu shemegi, na umshike mkono kabla hujamsomea barua hii. Na hiyo bahati niliyojitapia kule juu ni uongo. Sikunusurika. Nimeingiliwa kama wenzangu, na mlango niliuacha wazi mwenyewe.

Mdogo wako,
Pandu