Kumbukumbu za Kikao Kilichofuta Kura Juu ya Mimba ya Apolline

CHAMA CHA KUSINDIKIZANA, MAGARAMA, GITEGA
Kikao cha saba, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kwenye duka la ushonaji la Bw. Esdras, saa nane na dakika ishirini mchana.

WALIOHUDHURIA: Bi. Josefina (Mwenyekiti), Bw. Kastori (Katibu), Bw. Esdras, Bi. Dorcas, Bi. Apolline, Bi. Adventina (mjumbe kutoka Muyinga), na wanachama saba waliotia saini kwenye daftari.

WASIOHUDHURIA: Bi. Yasmina (yuko msibani Itaba), Bw. Venansi (bila taarifa, kwa mara ya tatu).

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi. Bw. Esdras aliomba kuongeza ya kwake. Kikao kilianza tena saa nane na dakika thelathini na tano.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA
Katibu alisoma kumbukumbu zilizopita. Alipofika Kumb. Na. 4/6, Bi. Apolline, muuza ndagala, yaani dagaa, alisimama na kusema hathibitishi chochote mpaka aya hiyo ifutwe.

Kwa faida ya mjumbe wa Muyinga, Mwenyekiti alieleza asili ya jambo hili. Kwa desturi ya chama, mwanachama anayekwenda kwa daktari husindikizwa na mwenzake anayeitwa "sikio". Sikio huketi naye, husikiliza, kisha huyarudia maneno ya daktari mbele ya chama. Desturi hii ilianza baada ya msiba wa Bi. Apolline mwenyewe. Mwanawe Bahizire alizaliwa na hali ya Down, na moyo wake ulikuwa na tundu. Bi. Apolline alikwenda peke yake kwa daktari, akaitikia "oui" kwa kila neno la Kifaransa, akatoka bila kujua ameambiwa nini. Mtoto aliishi siku arobaini na moja.

Sasa Bi. Apolline ana umri wa miaka thelathini na tisa na mimba ya wiki kumi na tatu. Mwezi uliopita sikio wake, Bi. Dorcas, alikuja kutoa taarifa wakati mwenyewe amelala nyumbani kwa kichefuchefu. Chama hakikumngoja. Kwa kura tisa dhidi ya tatu kiliamua kwamba atumie kipimo cha damu, asichomwe sindano ya tumboni, na kwamba akikaidi hatapewa sikio tena. Bw. Esdras na wenzake wawili walipinga kwa kuwa hawakutaka kipimo cha aina yoyote.

Pendekezo lililopitishwa lilitolewa na Katibu.

KUMB. NA. 3/7: NJIA ALIZOELEZWA BI. APOLLINE
Mwenyekiti alimtaka Bi. Dorcas ayarudie maneno ya daktari, safari hii mwenye mimba akiwepo. Bi. Dorcas aliyarudia bila karatasi. Njia ya kwanza ni damu ya mkono wa mama, inayotumwa nje ya nchi: inasema kama uwezekano wa hali ya Down ni mkubwa au mdogo, haikati shauri. Ya pili ni sindano inayochota maji ya tumbo la uzazi kuanzia wiki ya kumi na tano: jibu lake ni la hakika zaidi, lakini wachache, chini ya mmoja katika kila mia, hupoteza mimba kwa sababu yake. Ya tatu ni picha ya moyo wa mtoto, kwa daktari wa Bujumbura, wiki ya ishirini: inaona kasoro nyingi, haioni zote. Ya nne ni kuacha vyote.

Alipoulizwa angechagua ipi, Bi. Dorcas alisema: "Sindano. Mi nikiambiwa 'labda' miezi sita yote, nitakuwa wazimu."

Bi. Adventina alisema yeye alielezwa njia hizo hizo Muyinga akaziacha zote. "Nilijua nitamlea kwa vyovyote vile. Leo ana miaka minne, anaficha viatu vya wageni ili wasiondoke." Wajumbe walicheka.

Bw. Esdras alisema anayepima mimba amekwisha kuwaza kuitupa. Mwenyekiti alimwomba aache kukanyaga cherehani wakati anahukumu wenzake.

Bi. Apolline alijibu: "Papa Esdras, siku utabeba mimba utaniita. Nitakuja na batu yangu, tutapiga kura juu ya tumbo yako." Bw. Esdras aliondoa mguu kwenye cherehani.

Katibu alichukua nafasi kutetea pendekezo lake. Alisema amesoma sana juu ya suala hili, kwamba kipimo cha damu hakimdhuru mtoto na hufanyika mapema, na kwamba kukikataa ni kukataa elimu. Alizungumza dakika kumi na tisa.

Bi. Apolline alisema: "Ndugu Katibu, asante. Damu itaniambia mutoto iko na kromozome ngapi. Ikisema mingi, nitamuzaa. Ikisema sawa, nitamuzaa. Sasa niitume Ulaya ifanye nini? Bahizire alikufa juu ya moyo. Hakuna mwenye aliangalia moyo mpaka midomo yake ikakuwa bluu. Mi nauliza moyo. Wakiona iko na shida, nitazalia Bujumbura, karibu na daktari wake."

Katibu alimkumbusha kwamba picha haioni kila kitu.

"Najua. Dorcas amesema sasa hivi. We ulikuwa unatafuta karatasi yako."

Katibu aliikunja karatasi yake, na inaandikwa hivyo. Inaandikwa pia, kwa ajili ya wasomi wanaodai kwamba mwanamke wa sokoni hawezi kupima mambo haya: Bi. Apolline alikuwa mtu pekee ndani ya chumba aliyeanza na swali lake, kisha akatafuta kipimo kinacholijibu. Sisi wengine, Katibu akiwa wa kwanza, tulianza na kipimo.

KUMB. NA. 4/7: UAMUZI
Iliamuliwa kwa kura kumi na mbili, Bw. Esdras akijizuia, kwamba Kumb. Na. 4/6 ifutwe, kwamba sikio hurudia maneno ya daktari kwa idhini ya mwenye mwili tu, na kwamba chama hakitapiga kura tena juu ya tumbo la mtu. Katibu aliifuta aya hiyo kwa kalamu iliyoiandika.

KUMB. NA. 5/7: SIKIO WA SAFARI YA BUJUMBURA
Bi. Dorcas alijitolea. Bi. Apolline alimshukuru, akasema safari hii Dorcas apumzike. Alisema daktari wa moyo atasema mambo marefu, kwa hiyo anamtaka mtu mwenye kuandika kila neno. Akamtaja Katibu, kwa sharti moja: "Aandike. Asiseme kitu."

Katibu alikubali sharti.

Kikao kiliahirishwa saa kumi na dakika tano, Bw. Esdras akiwa na mteja mlangoni.

Josefina, Mwenyekiti: ……………
Kastori, Katibu, na sikio wa Bi. Apolline: ……………