Ndoo za Kuazima

Mpendwa mama,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia kwa sababu juzi alikuja binti mmoja wa chuo hapa Mkunya, anatafiti maji na mabadiliko ya tabianchi, na ndani ya makaratasi yake nimekukuta wewe.

Unaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa? Mitumba ilijaa soko la Masasi, na sisi tukaambiwa maji ya bomba si ya bure tena, tuchangie. Bomba lenyewe lilikuwa linakohoa upepo tu. Ulikuwa unateremka bondeni kabla ya jua na kupanda na ndoo kichwani, na maji tuliyooshea mchele tulinawia miguu. Ndipo wakaja watafiti, wapime kijiji kipi kina shida zaidi ya maji. Mimi, kwa kuwa nilimaliza la saba na mwandiko wangu unasomeka, nikapewa kazi ya kujaza fomu.

Siku ya zamu yetu kutembelewa ulizunguka kwa majirani tangu asubuhi. Ulisema mgeni hakaribishwi kwenye ndoo kavu. Ukaazima kwa Mama Zuhura, ukaazima kwa shemeji, ukazipanga ukutani zimejaa pomoni. Na wenzako zamu zao zilipofika walifanya vivyo hivyo. Ndoo zilezile zilitembea kijiji kizima. Mtafiti akanawa, akanywa, akahesabu, akauliza kama hayo ndiyo matumizi yetu ya siku.

"Tunashukuru, baba, hatujapungukiwa," ukamjibu.

Nikaandika. Ndoo ya Mama Zuhura niliitambua kwa mpini wake wa kamba, na bado nikaandika. Ningekuumbuaje mbele ya mgeni? Pampu na tangi vilipokuja, vikaenda vijiji vingine. Ukasema Mungu hakupenda. Mungu hakuulizwa, mama. Uliendelea kuteremka mpaka siku nyonga ilipokataa njiani, tukakupeleka hospitali ya Ndanda, na mlima ule hukuupanda tena.

Sasa binti huyu ananisomea kutoka kwenye fomu zile, kwa adabu zake zote, kwamba zamani Mkunya ilikuwa na maji ya kutosha, na kupungua kwake kunaonyesha hali ya hewa ilivyobadilika. Nikaitikia kwa kichwa kama mjinga. Sikatai, mvua siku hizi ni za kubahatisha. Zinanyesha mikorosho ikiwa na maua, zinakatika mihogo ikizihitaji, na chemchemi ya bondeni imekonda. Hayo ni kweli, ayaandike. Lakini maji yale ya zamani hayakuwahi kuwepo. Niliyaandika mimi.

Kesho anarudi, na tangu juzi sina raha. Nikisema, nitakuwa nimekuaibisha mbele ya mgeni, wewe uliyekuwa ukifunga khanga mpya kwa ajili ya wageni. Nikinyamaza, watapanga maji ya wajukuu zako juu ya uongo wetu.

Jioni hii Zuhura, mtoto wa yule jirani yako, amepita uani.

"Dada, kesho una mgeni. Nikuletee ndoo?"

Nimemkatalia, ameondoka amenuna.

Ndoo zangu nimezipanga ukutani palepale, nimezifudikiza zote, midomo chini. Nitamweleza binti wa chuo kila kitu, nianzie kwenye ule mpini wa kamba. Ila nimeweka kando kikombe kimoja cha maji, nimekifunika. Hicho, mama, sikuweza kumnyima.

Unisamehe,
Mwanao wa kwanza, niliyeshika kalamu