Betri Niliyoifunga Mimi

Jumatano, 3 Aprili

Mume wangu Gwilym kaingia jikoni na mita ya umeme mkononi, kanuna. Pikipiki yake ya zamani inawaka vizuri ila betri haichajiwi. Kaipiga resi weee, mshale haukupanda. Anasema ni koili ya kuzalisha umeme, ile aliyoisuka upya rafiki yake, Idwal, wakati wa baridi. Hakuna mwingine aliyeigusa pikipiki, anasema.

Nikaendelea kumenya viazi. Mimi niliigusa! Gwilym alipokuwa hospitali kwa ajili ya nyonga yake, nilitaka akirudi aikute tayari. Nikafunga betri kama ya gari langu, waya wa hasi kwenye fremu. Kumbe hizi pikipiki za zamani zilizotengenezwa Uingereza ni kinyume — chanya ndiyo inakwenda kwenye fremu. Cheche, harufu ya kuungua. Nikageuza waya haraka, nikafungua dirisha la banda. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Gwilym kampigia Idwal. Nilikuwa ngazini, nikasikia maneno yake yote. Kwamba kazi gani hii, kwamba afadhali angempa kipofu. Tangu ujana wao hawajawahi kukosana! Jumapili klabu yao ya pikipiki inavuka mlima kwenda mji wa Bala, safari ya kwanza ya mwaka, na Gwilym anasema ataomba pikipiki ya kaka yake aende, lakini si kando ya Idwal. Nikamuuliza Gwilym, je, Idwal kajibu nini? Hakubisha.

"Angekuwa na haki angebisha, Tegwen."



Ijumaa, 5 Aprili

Nilianza. Gwil, ile betri — Akanidakia, betri nzima, ameipima. Nikaenda kuanika nguo. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 6 Aprili

Menna wa duka la mikate kaniambia, kama habari ya kawaida tu: Idwal anauza vifaa vyake vyote, hata mashine ya kusukia koili. Anawaambia watu macho yamemwisha nguvu, bora aache kabla hajamuumiza mtu.

Macho yake hayana tatizo lolote! Nimelipa, mkate nimeusahau kaunta.

Naandika ndani ya gari, mbele ya nyumba ya Idwal. Gari la mnunuzi limeshafika, vijana wawili wanatoa meza ya kazi. Gwilym bado hajui chochote. Nimejiambia nianze na Idwal, kwake ndiko nina aibu zaidi.

Idwal kaniona. Akaja akijifuta mikono, nikashusha kioo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni.

"Shemeji, umefanya vizuri kuja," kasema. "Mwambie Gwilym anisamehe. Nimeiharibu pikipiki yake, na vipi, hata sielewi."

Nikamshika mkono tu. Kadhani namfariji! Machozi yakamlengalenga, akasema nisubiri, anachemsha maji, tunywe chai kama zamani.

Yuko ndani. Vijana wamerudi kuchukua ile mashine ya koili, nzito, wanapumzika kila hatua. Iko mlangoni mwa gari lao sasa. Wameiegemeza kwenye gari, mmoja anatafuta kamba.

Bado sijashuka.