Greda Lisilo na Usukani

Ihumwa, Dodoma
Jumapili mchana

Mke wangu Mama Mihayo,

Kwanza usishtuke kuona karatasi. Hakuna aliyekufa, sijafungwa, wala sijaoa Mgogo. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na bado ndiye mwanaume mwenye sura nzuri kuliko wote kambini hapa, ingawa washindani ni wachache na mmoja wao ni beberu la mlinzi. Je, goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati unaipaka, au umeiweka kabatini ipone yenyewe? Mama anakula vizuri? Na nyuki wetu wamerudi kwenye mizinga ya bondeni, au bado wamenuna?

Huku ni upepo na vumbi. Ukianika shati jeupe, unaanua la kaki. Zabibu zipo, nazila kama mfalme, na nikiwaza kwamba Sikonge nzima hakuna anayekula zabibu saa hizi, zinazidi utamu.

Sasa sababu ya kalamu. Kwenye simu siwezi kukuambia jambo la maana. Nikisikia sauti yako naanza kuchekesha, na wewe ukicheka najiona nimemaliza kazi. Juzi uliniuliza, "Hiyo mashine mpya vipi?" Nikakujibu, "Tumezoeana, inaniita kwa jina." Ukacheka mpaka ukakohoa. Mama Mihayo, hainijui. Na mimi siijui. Karatasi haicheki, ndiyo maana nimeikimbilia.

Ilikuwa hivi. Kabla magreda mapya hayajaja, fomeni alitukusanya maopereta wote, akatuambia hayana usukani. Usukani! Ule mduara nilioushika tangu Mihayo yuko tumboni! Badala yake kuna vijiti viwili, kimoja kila upande wa kiti, kama vile vya vijana wanaocheza gemu vibandani. Mbele kuna kioo kama televisheni, kinakuonyesha ardhi imelalaje. Fomeni akauliza, "Nani amewahi kuendesha la namna hii?"

Watu kimya. Wazee wenzangu wanatazama viatu vyao. Na wewe unanijua mimi na kimya, hatupatani. Mkono ukapanda wenyewe. "Mimi," nikasema. "Lubumbashi. Nilikuwa naliendesha huku nakula muhogo."

Kula nilikula, hilo ni kweli. Lubumbashi lilikuwepo moja, na mchana tulikuwa tunakaa kwenye kivuli chake tunakula. Ila kupanda sikupanda. Opereta wake alikuwa mtu mkali, hata ngazi hakutaka tuiguse.

Basi waliosema hawajui wakaletewa mwalimu. Mimi ninayejua nikapewa greda la zamani nikamalizie barabara ya vumbi upande wa Kongwa. Nilipolala kule nilikuwa nawaza: wenzangu sasa wanafundishwa. Nilitamani hata homa inishike nirudishwe. Sikuumwa hata mafua.

Niliporudi wiki hii fomeni akaniambia mbele ya watu, "Haya, mtaalamu wa Kongo, panda tuone." Nikapanda. Kuwasha ni kitufe tu, hilo halikunishinda. Nikasukuma kijiti, likaenda, namshukuru Mungu lilikwenda mbele. Sasa wewe unajua mimi naendesha nimesimama. Opereta wa zamani wote tunasimama. Ukisimama unaiona bledi, lile bapa la chuma la kukwangulia, inavyouma, unaona udongo unavyojiviringa, na nyayo zinakuambia kama umekata sana au umeparua tu. Kwa hiyo nikainuka kama nilivyozoea. Loo! Dude likapiga kelele kama nguruwe aliyekanyagwa, likajifunga hapohapo, nusura nitoke na kioo cha dirisha. Kumbe lenyewe halitaki mtu ainuke. Ukiacha kiti, linaona hakuna mtu.

Watu wote wananitazama. Nikachungulia dirishani nikasema, "Limekasirika nimeinuka bila kuaga!" Wakacheka sana. Fomeni naye akacheka, akasema yale ya Lubumbashi yalikuwa ya zamani, nitazoea, Jumatatu nianze zamu ya kwanza. Jumatatu ni kesho.

Nilishuka, nikajifanya naangalia matairi.

Tena usifikiri ni hilo moja. Siku hizi asubuhi hatusaini. Kuna kidude getini unaweka kidole, kinakutambua. Wenzangu kinawapigia mlio mmoja, wanapita. Mimi kinaniambia nijaribu tena. Nafuta kidole kwenye suruali, najaribu, kinakataa. Vidole vyangu vimelika kwa mafuta na chuma, havina tena ile mistari. Nyuma yangu vijana wanapanga foleni, wanasema, "Mzee, pulizia." Napulizia. Nimelima barabara kutoka huku hadi Zambia, Mama Mihayo, na kila asubuhi kitu kidogo kama kiberiti kinaniuliza mimi ni nani.

Mtu pekee aliyenishtukia ni mtani wangu Chiwanga, yule Mgogo anayepaka mashine grisi, niliyekuambia analeta mlenda kazini kwenye chupa ya chai. Leo asubuhi amenikuta nimekaa peke yangu nyuma ya karakana.

"We Mnyamwezi mbeba mizigo," akaniambia, "lile dude hulijui."

"We Mgogo, nenda kafukuze ndege kwenye uwele wako."

"Hulijui. Nimekuona mkono unatafuta usukani hewani, kama kipofu anatafuta mlango."

Nikamtukana kidogo, akanitukana kidogo, tukacheka. Akasema nikifa kwenye hilo dude atakuja Sikonge, atakalia jeneza langu, na hatabanduka mpaka wewe umpe jogoo. Nikamwambia jogoo wetu ana akili kuliko yeye, atamkimbia. Kisha akaacha kucheka. Akafuta mikono kwenye kitambaa chake, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ukijiua wewe, mimi ni mtani, nitajua la kufanya," akasema. "Lakini wale watoto wa kupima barabara wanatembea mbele ya bledi siku nzima na vijiti vyao. Ukimfukia mtoto wa mtu, hapo utani hakuna."

Akaondoka. Mimi nilikuwa naogopa kuchekwa, Mama Mihayo. Wale watoto sikuwa nimewafikiria hata kidogo. Mmoja wao ana umri wa kitinda mimba wetu, anavaa kofia kubwa kuliko kichwa.

Nikimwambia fomeni ukweli, atasema nilimdanganya, na kweli nilimdanganya. Umri wenyewe huu, nani ataniajiri? Nisipomwambia, kesho napanda. Ngoja niweke kalamu chini.

*

Nimerudi. Sasa ni usiku, Chiwanga ameniletea chai na sijamwomba.

Nilikwenda kwa yule mwalimu wa mashine. Ni binti, anaitwa Neema, umri wake na Mihayo wetu ni mmoja. Nilimkuta nje ya chumba chake anafunga begi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina jambo la aibu kidogo."

"La greda?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Aliyeliendesha hata siku moja hainuki kitini." Hakucheka. "Mbona hukuja na wenzako nikawafundisha?"

"Wakati ule nilikuwa najua kila kitu."

Hapo akacheka. Akatazama begi lake, akatazama jua. Anaondoka kesho kwa basi la alfajiri. "Tuna jioni hii tu," akasema. "Na kwa fomeni utakwenda mwenyewe, mimi sitakusemea."

Tukaenda kwenye uwanja ulio karibu na geti. Nikakaa. Mama Mihayo, kukaa ni kazi! Nikikaa siuoni udongo, naona kioo, na kioo kina namba na mistari. Neema amesimama chini, mbali na mashine, ananielekeza kwa mkono na kwa sauti: kijiti hiki kinapinda magurudumu, kile kinashusha bledi. Mkono wa kushoto unasahau, wa kulia unafanya kazi za wote wawili. Bledi ikazama, ikaruka, ikazama. Kila nilipofika mwisho nilidhani atasema inatosha. Anasema, "Tena, baba." Jasho limenitoka kama niko tanuruni. Mara moja, karibu na mwisho, nikasikia udongo unapita vizuri, nikausikia kiunoni badala ya miguuni. Kidogo tu, kisha ukapotea. Neema aliona, akainua kidole gumba.

Nimeshuka nikatazama nilichofanya. Ni aibu. Mimi, ambaye kwa greda la zamani naweza kukulainishia barabara ukamwaga maziwa yasijue pa kwenda! Pale chini kuna mabonde na vilima, ni kama mgongo wa mamba. Mtoto akikimbia hapo atavunjika meno. Na ni getini kabisa, gari la fomeni haliwezi kuingia bila kupita juu yake.

Greda la zamani limeuzwa, linamsubiri mwenyewe aje kulichukua, na ufunguo bado ninao mimi. Neema alipokwenda kulala nilifika hadi kwenye ngazi ya greda hilo. Nikapanda, nikashika usukani wangu, nikasimama. Kupita mara mbili tu, pangekuwa safi, hakuna ambaye angejua. Nilisimama pale mpaka mlinzi akauliza, "Mzee, kuna tatizo?" Nikamwambia, "Hakuna." Nikashuka. Ufunguo nimempa Chiwanga akae nao, asinipe hata nikimpigia magoti.

Pale getini pamebaki vilevile. Kesho fomeni atauliza nani amefanya haya, nami nitakuwa nimesimama hapo hapo. Anaweza kuniweka nyuma ya wenzangu nijifunze. Anaweza kunipa ulinzi. Anaweza kuniambia nikusanye godoro langu, utaniona nashuka stendi. Sijui, na hilo la kutojua ndilo gumu kuliko yote.

Mihayo nilimwambia nafundisha wenzangu. Mwambie baba yake ndiye anayefundishwa, tena na binti. Kwa kaka yako, yule shemeji yangu anayetangaza maneno yangu kila akilewa, usimwambie lolote mpaka nikupigie. Mama msalimie, mwambie shikamoo yangu ni ya magoti yote mawili. Jirani yetu fundi mizinga naye msalimie, aangalie ule mzinga ulioinama. Kitinda mimba wetu, hata kama amekua, mbusu shingoni, asikie ndevu za baba yake kwa niaba.

Barua hii Neema atampa kondakta wa basi la Tabora. Ukiipata nitakuwa nimeshajibiwa, na ukinipigia usikubali nikuchekeshe kwanza. Ninaogopa, mke wangu, na neno hilo sijawahi kukuandikia tangu tuoane.

Mumeo,
Maganga