Presha ya Macho

Mtaa wa Gerezani, Jumapili

Mdogo wangu Mboni,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Huku tupo. Mvua imelowesha robota zima la mitumba, na binti yangu Moza kapata mchumba.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akigeuka ghafla na kuuliza, "Nani huyo ubavuni kwangu?" Tukasema ana jini. Zahanati walimwambia ni presha ya macho, naye akameza vidonge vya presha ya damu mpaka akapofuka.

Sasa swali hilo nauliza mimi, dukani, mchana kweupe.

Daktari wa macho kanipima, nami ninao ugonjwa wa Mama. Anasema seli za fahamu ndani ya jicho zikifa humwaga kemikali iitwayo glutamati, nayo ikizidi inaua seli za jirani. Zilizokufa hazirudi. Amenipa dawa ya matone ya kushusha presha ya ndani ya jicho, ili zilizobaki zisiwafuate wenzao. Halafu akaniambia, "Ugonjwa huu unatembea kwenye damu, mama. Waite ndugu zako."

Njoo upimwe macho, Mboni. Vidonge vya presha usiviguse.

Siku ya Idi ulimimina chai nje ya kikombe, ukacheka. Mama naye alikuwa akicheka hivyo hivyo.

Dada yako anayekuona bado,
Hajira